Mjomba ana uvimbe kwenye ini, wazee wanasema saratani haiguswi kwa kisu. Kuna ukweli?

#1 Mwana wa Mabawa

Salaam wanajukwaa. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mjomba wangu ana miaka 56, seremala, anaishi Pongwe, Tanga. Tangu mwezi wa Rajabu alikuwa analalamikia ubavu wa kulia, anasema ni kama kuna kitu kimekaa chini ya mbavu. Tukadhani vidonda vya tumbo. Akaanza kupungua mpaka mkanda ukatobolewa matundu mawili mapya. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe, akapelekwa Dar kwa sitiskani ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa. Uvimbe ni mmoja, sentimita 6, upande wa kulia wa ini. Damu ikaonyesha ana homa ya ini B, kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Daktari bingwa anasema upasuaji unawezekana, ila anataka vipimo zaidi kabla ya kuamua.

Juzi tulikaa kikao cha ukoo. Mama mkubwa akasema saratani haiguswi kwa kisu, ikipata hewa inakasirika na kutapakaa mwili mzima. Wengine wakaanza kutaja majina ya watu waliofunguliwa wakafa. Mjomba mwenyewe alikuwa kimya, anatazama mkeka tu.

Tuna wiki mbili kabla ya kurudi Dar. Naomba majibu ya wanaojua au waliopitia. Msinitie moyo tu, nataka ukweli.

#2 Chuma cha Pua

Wazee wako sahihi mkuu. Jirani yetu Makorora alikuwa anaendesha baiskeli mpaka Amboni na kurudi, mzima kabisa. Wakamfungua. Miezi minne tukamzika. Msiniambie ni bahati mbaya, nimeona kwa macho yangu.

#3 Bint Tongoni

Pole Mwana wa Mabawa.

Chuma, huyo jirani kuendesha baiskeli si ushahidi kwamba alikuwa mzima. Ini ndani yake halina hisia ya maumivu, kinachouma ni ule utando wake wa juu ukivutwa. Uvimbe unaweza kukua kimya kimya mpaka uwe kama embe ndipo mtu ahisi uzito. Shangazi yangu alikuwa anatwanga mpunga wiki ile ile aliyogundulika.

#4 Nesi Mstaafu

Wanangu, nimesimama chumba cha upasuaji zaidi ya miaka 20 nikipitisha vifaa, nami nina la kusema.

Imani hii ya hewa naijua tangu ninaanza kazi. Hewa haifanyi kitu. Ila msiwacheke wazee, kwa sababu walichokiona ni kweli, maelezo yake tu ndiyo tofauti. Zamani hatukuwa na sitiskani kila mahali. Mgonjwa anafika tumbo limejaa, daktari anafungua ili aone. Anakuta uvimbe umeshaingia kwenye mishipa mikubwa au uko pande zote mbili za ini. Anafunga bila kukata chochote. Mgonjwa anarudi nyumbani na mshono mrefu, anafariki baada ya miezi. Familia inasema kisu kimemuua, wakati kisu hakikuondoa hata kipande. Wagonjwa wa namna hiyo niliwaona wengi, nami nilikuwa nakunja vitambaa nikijua tutakachoambiwa mtaani.

Mwana wa Mabawa, uliza jambo moja: ini litakalobaki lina hali gani? Ukubwa wa uvimbe peke yake hauamui. Mtu mwenye uvimbe wa sentimita 6 na ini laini anaweza kukatwa akapona vizuri kuliko mwenye sentimita 3 na ini lililosinyaa.

#5 Chuma cha Pua

Nesi, shikamoo mama. Nakuelewa kuhusu waliofunguliwa wakafungwa. Lakini wapo waliokatwa kweli, uvimbe ukatolewa, wakaonyeshwa kwenye beseni, na bado ukarudi. Hao je?

#6 Randa na Msumeno

Wakuu, mimi nasema tu ukweli ambao mnauzunguka. Ini ni ugonjwa wa pombe. Seremala wote nawajua, jioni ni tembo la mnazi. Mwambie mjomba aseme.

#7 Mwana wa Mabawa

Randa, mjomba wangu hajawahi kuonja tembo wala bia. Ni mtu wa msikitini, anaadhini alfajiri tangu sijazaliwa. Na hilo neno lako ndilo linalomuumiza kuliko uvimbe. Wiki iliyopita kuna mtu alimwambia mkewe gengeni, "kumbe ustadhi alikuwa anakunywa kwa siri". Toka siku hiyo hataki kwenda msikitini. Amekaa ndani. Watoto wake wanamletea maji ya udhu chumbani.

Daktari alituambia wazi: virusi vya homa ya ini B vinatosha kuleta saratani hata kwa mtu ambaye hajawahi kunusa pombe, na pengine aliambukizwa utotoni. Naomba tusirudie hili.

#8 Randa na Msumeno

Samahani sana mkuu. Nimekosea, mfikishie mjomba samahani yangu.

#9 Tabibu wa Zamu

Habari za jioni. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa ini, lakini nimefanya kazi wodi ya upasuaji.

Kumjibu Chuma #5. Ni kweli inarudi, tena mara nyingi. Kwa waliokatwa saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, ndani ya miaka 5 inaweza kurudi kwa hadi watu 70 kati ya 100. Hilo halifichwi, na ndugu wanapaswa kuambiwa kabla ya kutia saini. Sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza, chembe zilikuwa zimeshatawanyika ndani ya ini kabla ya upasuaji, ndogo mno kuonekana kwenye picha. Ya pili, virusi au makovu yaliyozaa uvimbe wa kwanza bado yapo kwenye ini lililobaki, hivyo linazaa uvimbe mwingine mpya. Huu wa pili haukurudi, umezaliwa upya. Ndiyo maana mwenye homa ya ini B hupewa dawa za kutuliza virusi, kama tenofovir, na huendelea nazo baada ya kukatwa.

Na niwape wazee haki yao mahali pamoja. Sindano ya kuchukua kinyama cha uvimbe inaweza kuacha chembe kwenye njia iliyopita. Ni mara chache, wagonjwa wawili au watatu katika mia, lakini ipo. Kwa hiyo mwenye ini lenye makovu, kama picha ya sitiskani inaonyesha dalili zake zote, madaktari wengi hawachomi sindano kabisa kabla ya upasuaji.

#10 Chuma cha Pua

Haya! Kumbe kuna mahali inasambaa kwa kuguswa. Na mlitaka kunipiga mawe.

#11 Bint Tongoni

Umeshika mkia ukasema umekamata ng'ombe. Kasema sindano, tena wawili katika mia.

#12 Mgosi wa Handeni

Mimi nalima mahindi Handeni na nasema mnaacha kitu kikubwa nje. Sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, macho yakawa manjano na matumbo yakavimba. Hiyo ni ile ya ghafla. Ile ya kidogo kidogo kila siku kwa miaka haionekani, inakaa kwenye ini. Na mwenye homa ya ini B akila sumukuvu, hatari ya saratani inaongezeka mara nyingi, si kujumlisha tu. Hivi vitu viwili vinashikana mikono.

Kilichofanya dunia ijue sumu hii ni mabata mzinga ya Uingereza mwaka 1960, yalikufa zaidi ya laki moja baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sisi bado tunaanika mahindi kwenye udongo wa uani mvua ikinyesha.

#13 Kisamvu cha Nazi

Mgosi, sisi tunachemsha. Ugali ukichemka nusu saa ukungu unakufa.

#14 Mgosi wa Handeni

Ukungu unakufa, sumu haifi. Moto wa jikoni hauiondoi. Kinachosaidia ni kukausha vizuri juu ya turubai, kuchambua punje zilizooza na karanga zilizosinyaa, na kukoboa, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini.

#15 Kisamvu cha Nazi

Kwa hiyo dona ni sumu? Daktari wa kisukari kamwambia mama yangu ale dona, wewe unasema akoboe. Tumsikilize nani?

#16 Mgosi wa Handeni

Dona ya mahindi safi haina neno. Dona ya mahindi yaliyolowa ghalani ndiyo shida, kwa sababu mashine inasaga kila kitu humo humo. Nunua mahindi uyaone, chambua mwenyewe, peleka mashineni. Usinunue unga usiojua umetoka wapi.

#17 Mla Bada

Na ndiyo maana mimi nakula bada. Muhogo hauna maneno.

#18 Mgosi wa Handeni

Makopa yaliyoanikwa juu ya paa la bati yakanyeshewa siku tatu nayo yanaota ukungu ndugu yangu. Rangi ile ya kijivu mnayosema inanogesha bada, iangalieni vizuri.

#19 Nesi Mstaafu

Turudi kwa mjomba jamani, chakula tutafungulia uzi wake.

#20 Mke wa Baharia

Asalaam aleikum. Mimi nimepitia na mume wangu. Yeye alijua ana homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu, maana damu inayochangiwa hupimwa hilo pia. Akaambiwa awe anafanya altrasaundi kila miezi 6. Mara ya nne wakaona kitu upande wa kushoto, sentimita 3 na nusu. Akakatwa sehemu ya kushoto.

Nawaambia ilivyokuwa. Siku ya upasuaji alikaa ndani zaidi ya saa 5. Siku mbili chumba cha uangalizi maalumu. Mrija mmoja ulitoa maji ya njano karibu wiki mbili, wakasema nyongo inavuja kidogo kidogo pale walipokata, ikaziba yenyewe. Alirudi Raskazone amekonda, lakini baada ya miezi mitatu alishika nyavu. Mwaka wa tatu kikaonekana kingine cha sentimita 2. Safari hii hawakumfungua, walipitisha sindano wakakichoma kwa joto. Leo ni mwaka wa sita, yuko baharini sasa hivi ninapoandika.

Sisemi wote watakuwa hivi. Kilichotusaidia sisi ni kwamba kiliwahiwa kikiwa kidogo.

#21 Tabibu wa Zamu

Asante sana dada. Hiyo ya kuchoma inafaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, kwa hiyo wa mjomba umepita hapo.

#22 Fundi Saa wa Barabara ya Ishirini

Nina swali. Nasikia ini likikatwa linaota tena kama mkia wa mjusi. Sasa kwa nini wanaogopa kukata kubwa?

#23 Tabibu wa Zamu

Si kama mkia wa mjusi. Kipande kilichoondoka hakioti tena. Kilichobaki ndicho kinachonenepa mpaka kikaribie uzito wa zamani, na kazi kubwa hufanyika wiki za mwanzo. Lakini katika hizo wiki mgonjwa anaishi kwa kile kipande kidogo tu. Kikizidiwa, macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji, akili inavurugika.

Ndiyo maana wanapima kabla. Mwenye ini zima huachiwa angalau robo hivi. Mwenye makovu huhitaji kuachiwa kama asilimia 40, kwa sababu hiyo robo yake haifanyi kazi ya robo. Vipimo wanavyotaka kwa mjomba pengine ni vya kipimio cha Child-Pugh: nyongo kwenye damu, protini ya albumini, damu inagandaje, kuna maji tumboni, na akili imetulia. Vilevile wanatazama kama bandama imevimba na kama chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepungua, kwa sababu hizo ni dalili kwamba presha imepanda kwenye mshipa unaoleta damu kutoka utumbo, na hapo upasuaji unakuwa wa hatari.

#24 Nesi Mstaafu

Na damu. Ini ni sponji ya damu. Kuna mbinu aliyoieleza daktari Pringle wa Glasgow mwaka 1908, hadi leo inatumika: wanabana mlango wa damu unaoingia kwenye ini, dakika 15 wanakata, dakika 5 wanaachia lipumue, wanabana tena. Mimi ndiye nilikuwa natazama saa. Ini lina sehemu 8, kila moja na tawi lake la damu, kwa hiyo mpasuaji anafuata mipaka hiyo, hakati kama mkate.

#25 Mtoto wa Korogwe

Nimesoma kimya tangu #1. Ngoja niseme na upande mwingine.

Baba yangu alikatwa upande wa kulia. Upasuaji ulikwenda vizuri, wakatuambia uvimbe wote umetoka. Siku ya tano macho yakaanza kuwa manjano. Siku ya kumi na moja akaanza kuniita kwa jina la babu yake. Wiki ya tatu tukamrudisha nyumbani kwa gari la wagonjwa akiwa amefariki. Hospitali siitaji, na sisemi walikuwa wazembe. Lakini hakuna aliyetukalisha chini akatuambia kipande kinachobaki kinaweza kushindwa. Tulitia saini karatasi ukutani, tumesimama, kalamu ya kuazima. Kama ningejua, labda bado tungekubali. Ila baba angepata nafasi ya kuongea na wadogo zangu kabla.

Mwana wa Mabawa, waulize: kinabaki asilimia ngapi? Waulize mbele ya mjomba.

#26 Mwana wa Mabawa

Pole sana ndugu yangu. Nimeandika swali hilo kwenye daftari.

#27 Chuma cha Pua

Pole, Korogwe. Mungu amrehemu mzee.

#28 Kipepeo wa Lushoto

Sisi yetu ilikuwa kinyume. Mama alikuwa na uvimbe kwenye ini, homa, jasho la usiku. Mtaa mzima ukasema saratani, akakataa hospitali miezi miwili, anakunywa mizizi. Tulipomlazimisha, ikaonekana ni jipu la amiba. Walivuta usaha kwa sindano, akapewa metronidazoli, akapona. Msiseme saratani kabla ya kupima.

#29 Mpita Njia

Mizizi gani hiyo? Mlonge na mwarobaini vinasafisha ini.

#30 Nesi Mstaafu

Mwanangu, ini ndilo linalochuja hiyo mizizi. Likiwa limeumwa, unalipa kazi juu ya kazi. Mjomba asinywe chochote wiki hizi bila kumwambia daktari wake.

#31 Abuu wa Chumbageni

Mimi nina chanjo ya homa ya manjano, ile ya kusafiria, ninayo kadi yake. Si inanikinga?

#32 Tabibu wa Zamu

Hapana. Homa ya manjano huletwa na mbu, ni virusi vingine kabisa. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Upime kwanza. Watoto wetu wanaipata kwenye chanjo za kliniki tangu mwaka 2002, ila wakubwa wengi hatukuipata. Taiwan walianza mpango wa kuchanja watoto wachanga mwaka 1984 na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana.

Na kwa wanaomwekea mjomba sahani yake peke yake: haiambukizi kwa sahani wala kupeana mkono. Ni damu, ngono, wembe wa kuazimana, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

#33 Fundi Saa wa Barabara ya Ishirini

Kwa nini asibadilishiwe ini lote kabisa, aondokane na makovu na uvimbe?

#34 Tabibu wa Zamu

Kwa wengine ndiyo tiba bora. Kipimo kinachofuatwa sana ni cha Milan cha mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu isiyozidi 3 kila mmoja. Sentimita 6 imepita. Kuna vituo vinavyolegeza masharti, wengi wetu huenda India, lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa kipande na fedha ni nyingi mno.

#35 Mwana wa Mabawa

Narudi na taarifa. Tumetoka Dar jana.

Vipimo vya damu ni vizuri, hana maji tumboni. Ini lina makovu kiasi. Nikauliza swali la Mtoto wa Korogwe, mjomba akiwa amekaa pembeni yangu. Daktari akachora kwenye karatasi. Wakikata kulia sasa, kinabaki asilimia 33, na kwa makovu yake ni kidogo. Kwa hiyo wanataka kwanza kuziba mshipa unaopeleka damu upande wa kulia, wasubiri kama wiki 4 hadi 6, upande wa kushoto unenepe, wapime tena. Ukifika kiasi wanachotaka, wanakata. Usipofika, hawakati, watazungumza njia nyingine.

Mama mkubwa anasema sasa wanamfunga mshipa, kesho watafunga na moyo. Mke wa mjomba anaogopa wiki 6 uvimbe utakuwa umekua. Hilo la kukua nilimuuliza daktari, hakulikataa. Alisema ndiyo sababu watampiga picha tena kabla.

Mjomba alifungua mdomo mara moja tu. Aliuliza kama katika hizo wiki anaweza kumaliza kitanda cha watu, ameshakula arubuni. Akaambiwa anaweza, asibebe magogo.

Ndugu zake sita wamepimwa. Wawili wanavyo virusi, na mmoja ni mama mkubwa.

#36 Bint Tongoni

Ya Rabi. Mama mkubwa amepokeaje?

#37 Mwana wa Mabawa

Amekubali kufanya altrasaundi. Kuhusu kisu hajabadilika.

#38 Chuma cha Pua

Mimi pia sijabadilika sana. Tabibu mwenyewe kasema chembe zinaweza kuwa zimeshatawanyika. Sasa kama zipo tayari, kukata kunasaidia nini?

#39 Tabibu wa Zamu

Kunasaidia wale ambao kwao hazikutawanyika, na kabla ya kukata huwezi kuwatenganisha. Najua hilo jibu haliridhishi. Hata wodini halituridhishi.

#40 Chuma cha Pua

Haya. Mwana wa Mabawa, kaka yangu yuko Ilala, ana chumba cha uani hakina mtu. Mkienda kuziba huo mshipa msilale kwenye korido za hospitali. Nimekutumia namba yake kwa ujumbe wa siri, nimeshamwambia mnakuja watatu.